Matibabu Yakiisha, Wageni Huenda Wapi?

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong, akishaupita mlima wa Upper Hill uliojaa hospitali, hufika mahali paitwapo Adams Arcade. Maduka yale yalijengwa na mfanyabiashara Abdul Habib Adam katika miaka ya 1950, na jina lake limebaki hapo hata leo, ijapokuwa wengi washukao kituoni hawajui huyo Adam alikuwa nani. Upande mmoja ziko nyumba za Woodley. Nyuma ya maduka lipo Soko la Toi lenye nguo za mitumba, na ukipenya sokoni unatokea Kibera. Watu hupajua hapo kwa ununuzi na kwa msongamano wa magari. Mimi napakumbuka kwa chai.

Mwaka 2016 dada yangu mdogo aliletwa Nairobi kutoka Mombasa. Alikuwa amekwisha kukatwa titi moja, amekwisha kutiwa dawa kali za mshipa ambazo zilimpukutisha nywele, na sasa daktari alitaka apigwe mionzi. Siku hizo Pwani yetu haikuwa na mashine ya mionzi katika hospitali ya serikali, basi mgonjwa wa Lamu au wa Kwale hakuwa na budi ila kupanda basi. Tulipata chumba kwa jamaa huko Woodley. Mionzi yenyewe ilikuwa mara 25, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, yaani majuma matano kamili.

Katika foleni ya hospitali alikutana na wanawake watatu. Mmoja alitoka Kitui, mmoja Kisii, na wa tatu alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Kibera, ambaye alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kila walipomaliza zamu zao walipanda matatu pamoja, wakashuka Adams, wakaingia katika kijihoteli kilichokuwa karibu na soko. Waliagiza chai ya maziwa na mandazi, na hapo walikaa saa nzima, pengine saa mbili. Mimi nilikwenda kumchukua dada, nami kwa staha niliketi meza ya mbali, gazeti mkononi. Lakini masikio hayana mlango, nami nilisikia.

Nilisikia mambo ambayo sikupata kuyasikia nyumbani kwetu. Huyu alisimulia jinsi mumewe alivyohamia chumba kingine bila ya kusema neno. Huyu alieleza mkono uliovimba tangu upasuaji, hata hawezi kukuna nazi. Mmoja alionyesha sidiria aliyoinunua Toi, akaijaza vitambaa kwa ustadi ili nguo ikae sawa, na wote wanne wakacheka mpaka mwenye hoteli akaja kutazama kuna nini. Siku nyingine hawakucheka. Mmoja alisema mchana anaogopa watu na usiku anaogopa mwili wake, na hakuna aliyemwambia anyamaze au amshukuru Mungu. Waliinamisha vichwa, wakaendelea kunywa chai, naye akasema mpaka akatosheka.

Majuma matano yakaisha. Tukarudi Mombasa, na ndugu wote wakafurahi. Tulisoma dua, tukapika biriani, tukawaalika majirani, na kila mtu akamwambia dada, “Alhamdulillahi, umepona.” Baada ya siku ile wageni walipungua, na mwezi ulipokwisha hawakuja tena. Wangekuja kwa lipi, na mtu amekwisha kupona? Wakati huo huo dada akaanza kukosa usingizi. Hakutaka kwenda arusini. Kila alipoumwa na kiuno au kichwa alijifungia chumbani, akaamini kwamba ugonjwa umerudi. Nami nduguye, mwenye kujidai mjuzi wa maneno, nilimwambia mara kwa mara, “Mshukuru Mola, wangapi hawakufika hapa?” Kisha nikaenda kazini.

Siku moja alinijibu. “Kaka,” akasema, “nilipokuwa na maradhi nilikuwa na watu. Sasa nina afya, sina mtu.”

Ndugu msomaji, neno hilo limenikaa kifuani miaka mingi, na ndilo lililonituma kuandika makala haya.

KAA NA MAANA YAKE

Sisi husema saratani, na wengine husema kansa. Maneno yote mawili asili yake ni mnyama mmoja. Kwa Kiarabu saratani ni kaa, na ndiyo maana wanafalaki wetu wana nyota ya Saratani. Wayunani wa kale, akiwamo tabibu Hippocrates, waliita uvimbe huo kwa jina la kaa katika lugha yao, na Walatini wakafuata, ndipo likaja neno kansa. Inasemekana waliona mishipa iliyouzunguka uvimbe wakafananisha na miguu ya mdudu huyo.

Kaa ana tabia moja ambayo kila mtoto wa pwani anaijua. Ukimtoa kidoleni, maumivu hayatoki naye. Daktari wa upasuaji huutoa uvimbe, mashine ya mionzi huchoma mabaki, dawa husaka kilichojificha. Kazi hiyo ni kubwa, na waifanyao wanastahili shukrani. Lakini baada ya hapo hubaki uchovu usiokwisha kwa kulala, mkono uliovimba, hedhi iliyokatika kabla ya wakati, unyumba ulioharibika, kazi iliyopotea, deni la matibabu, na hofu. Hofu hiyo huamka upya kila tarehe ya kupimwa inapokaribia. Kwa saratani nyingi madaktari hutaka kumwona mgonjwa kwa miaka mitano au zaidi, na miaka hiyo yote mtu huitwa mzima huku mwenyewe hana yakini.

Jambo hili lilitambuliwa zamani na watu wenye uzoefu. Cicely Saunders, Mwingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni mamoja yenye sehemu nyingi: ya mwili, ya moyo, ya jamaa na riziki, na ya roho. Mwenye kutibu sehemu moja na kuziacha nyingine hajamaliza kazi. Huko New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, daktari wa akili Jimmie Holland alianzisha mwaka 1977 idara ya kuwashughulikia wagonjwa wa saratani kwa upande wa mawazo na hisia, na kutokana na juhudi kama zake hiyo ikawa taaluma kamili.

NUSU YA SAFARI

Nchini Kenya ugonjwa huu si wa watu wachache. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2022 yalikuwa takriban wagonjwa wapya 44,700 na vifo zaidi ya 29,000. Wanawake huathirika zaidi kwa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, na wanaume kwa ile ya tezi dume.

Wananchi wa Adams Arcade wanakumbuka Julai ya mwaka 2019. Sehemu hiyo imo katika jimbo la uchaguzi la Kibra, na mbunge wake, Ken Okoth, aliyezaliwa Kibera, alikuwa ametangaza hadharani mapema mwaka huo kwamba ana saratani ya utumbo iliyofika hatua ya nne. Alifariki tarehe 26 Julai, akiwa na umri wa miaka 41. Mwanzoni mwa mwezi huo alikuwa amefariki Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, na siku tatu baada ya Okoth akafuata Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Watu watatu mashuhuri katika mwezi mmoja, kwa ugonjwa ambao wengi hawakuthubutu hata kuutaja, bali walinong'ona “ule ugonjwa”. Okoth alipousema kwa jina lake mbele ya watu aliwafanyia wapiga kura wake hisani kubwa, kwa sababu mtu hawezi kufarijiwa kwa jambo asiloruhusiwa kulitaja.

Tangu hapo makelele yamekuwa mengi, na baadhi yake yamezaa matunda. Mashine za mionzi za serikali zimefika Mombasa, Nakuru na Garissa. Bima ya zamani ya NHIF ilipoondoka na SHA ikaanza kazi Oktoba 2024, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya fedha: mgonjwa wa saratani atalipiwa kiasi gani, na kikiisha afanye nini. Ubishi huo ni wa haki, kwani asiyepata dawa hawezi kufikia kuuliza habari za faraja. Lakini utaona kwamba mjadala wetu wote husimama pale mashine inapozimwa. Hatuulizi mtu huyo anarudi kwa nani.

Hata harambee zetu ni hivyo hivyo. Ndugu na marafiki huunda kundi la WhatsApp, huchanga, huhimizana, na Mwafrika huonyesha ubora wake wa asili. Hospitali ikishalipwa kundi hufungwa. Na mgonjwa hubaki na mzigo mwingine asioutarajia: anajiona mdaiwa wa kila mtu. Akisema ana huzuni ataonekana hana shukrani. Akikutwa amenunua kanga mpya atasemwa. Basi hujifanya mchangamfu, akaumia ndani kwa ndani.

MEZA YA CHAI ILIKUWA NA NINI?

Nimejiuliza mara nyingi, ile meza ya Adams Arcade ilikuwa na kitu gani ambacho nyumba yetu yenye ndugu wengi haikuwa nacho? Hatukukosa mapenzi. Tulimpenda dada kuliko walivyompenda wale wanawake ambao jana yake hawakumjua.

Naona yalikuwamo mambo matatu. La kwanza, waliokaa pale walikuwa wenzake. Hakuhitaji kueleza wala kuogopa kuwatisha. La pili, kulikuwa na wakati maalumu. Hakungoja mtu amkumbuke, alijua kesho saa nane atakuwa na watu. La tatu, hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsikia akisema amepona. Sisi wa nyumbani tulikuwa na haraka hiyo, kwa sababu hofu yake ilituamshia hofu zetu. Tulipomwambia “shukuru”, tulikuwa tunajifariji sisi.

Mambo hayo matatu yanaweza kupangwa, wala si ya kuachiwa bahati ya foleni. Na hapa Nairobi wapo waliokwisha kuyapanga. Nairobi Hospice, ya kwanza ya namna yake nchini, ilianzishwa mwaka 1990 karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na tangu hapo imewahudumia wagonjwa pamoja na jamaa zao. Anne Merriman, daktari aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alikwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ambayo ilijulikana kwa morfini ya maji, dawa rahisi ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwani mtu aliyekunjamana kwa maumivu hawezi kusikia nasaha yoyote, hata iwe tamu kama asali.

Mwaka 2010 Shaira Adamali, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua saratani ya matiti, alianzisha shirika la Faraja Cancer Support Trust, lililoanzia upande wa Parklands. Humo mgonjwa hupata mnasihi wa kuzungumza naye, mafunzo ya chakula, mazoezi mepesi, kukandwa mwili, na wenzake wa kukaa nao, bila ya malipo. Mtu asiyejua ataona kukandwa na kuchora picha ni anasa. Mwulize mwanamke ambaye mwaka mzima hakuguswa ila kwa sindano, atakueleza tofauti.

FARAJA SI DAWA YA KUPONYA

Hapa lazima tuseme kweli tupu. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuenea. Waliokutana kila juma katika kikundi walionekana kuishi muda mrefu zaidi kuliko wasiokutana, karibu mara mbili. Dunia ilishangilia. Lakini mwaka 2001 wataalamu wa Kanada, wakiongozwa na Pamela Goodwin, walitoa uchunguzi wa wanawake 235, na ule urefu wa maisha hawakuuona. Walichokiona ni kwamba waliokuwa katika vikundi walipungukiwa na dhiki ya moyo, na maumivu waliyasikia kidogo kuliko wenzao, hasa wale waliokuwa na dhiki nyingi tangu mwanzo.

Basi kikundi hakirefushi umri. Kinapunguza dhiki na maumivu katika umri uliopo, na hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kukiunda.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wafanyabiashara wanaojificha nyuma ya majina mazuri ya afya na utulivu. Huuza unga wa mizizi, maji ya maombi na chupa zisizo na maelezo, na humwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Kipimo ni chepesi. Mahali pa faraja ya kweli hukuuliza kama umemeza dawa yako na kama unakumbuka siku ya daktari. Mahali panapokuambia uache tiba, toka mbio, hata kama pana mazulia na muziki laini.

WANAUME WAKO WAPI?

Kuna jambo jingine la kusikitisha. Vikundi vingi ni vya wanawake. Mwanamume aliyetibiwa tezi dume huenda akashindwa kuzuia mkojo, na huenda nguvu za unyumba zikamwishia. Atamwambia nani? Barazani tunazungumza siasa na mpira, na yeye huketi ukingoni ili aweze kuondoka upesi. Mimi nina rafiki aliyeacha kuja msikitini kwa sababu hiyo, nasi tukamdhania amelegea katika dini. Alikuwa anaona haya kwa udhu usiokaa. Angepata mtu mmoja wa kumweleza kwamba mwenye udhuru huo ana ruhusa yake, na kwamba yapo mazoezi ya kukaza misuli, asingejifungia miezi saba.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, wala si hisani. Tulifundishwa pia kisa cha Nabii Ayubu, ambaye watu walimkimbia maradhi yalipozidi, asibaki naye ila mkewe. Kisa hicho kimetungiwa utenzi kwa Kiswahili, na kila mara tukisomewa tulisifu subira ya Ayubu. Nilipokuwa mtoto sikupata kumsikia mwalimu akiuliza habari za wale waliokimbia. Leo naona ndio waliofanana na sisi zaidi.

LA KUFANYA

Sipendekezi majumba makubwa. Napendekeza kwamba kila hospitali inayotibu saratani, siku ya kumwaga mgonjwa, imkabidhi pamoja na karatasi ya dawa jina la mtu na mahali: huyu ndiye wa kuzungumza naye, hapa ndipo wenzako wanapokutana, siku fulani, saa fulani. Kaunti zina kumbi zinazokaa tupu. Misikiti na makanisa yana vyumba. Kwa mtaa kama Adams Arcade, ambapo maelfu ya wagonjwa wa Upper Hill hupita na matatu yao, chumba kimoja chenye birika, viti kumi na mnasihi mmoja aliyefunzwa, anayejua Kiswahili cha watu, kingefanya kazi kubwa. Naye mnasihi huyo alipwe, asitegemewe kuishi kwa thawabu tu.

Nasi jamaa tuna yetu. Tusifunge kundi siku hospitali inapolipwa. Tugawane siku za kumtembelea kwa mwaka mzima unaofuata. Tusimwulize kila mara “umepona?” Tumwulize amelalaje. Na tarehe ya kupimwa ikifika, mtu mmoja amsindikize, kwa sababu ule mlango wa maabara ni mzito kwa mtu aliye peke yake.

Dada yangu yu hai, namshukuru Mungu. Miezi minane baada ya jibu lake lile nilimpeleka tena Nairobi, kumwona daktari, na tuliporudi tulishuka Adams. Kile kijihoteli kilikuwa kimekwisha kuwa duka la simu. Mnubi alitukuta kituoni, amenenepa, ana ushungi mpya. Wa Kitui naye alikuja. Wa Kisii alikuwa amefariki, nao walikuwa wamekwenda mazikoni kwa mchango wao wenyewe. Walitafuta hoteli nyingine, wakaketi. Nami mara hii sikukaa meza ya mbali. Nilivuta kiti, nikanyamaza, na usiku ule niliandika ubeti huu mmoja, ambao namwachia msomaji:

Mgonjwa kaa na yeye, hata arudi nyumbani,
Usiseme, mwachiliye, anene ya kifuani,
Akicheka mchekeye, machozi futa usoni,
Maradhi yasimtoye, kutoka mwetu kundini.